Kadi Tisa za Bi. Alice Nekesa Masinde

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Chrispinus Makhanu, kitinda mimba wa nyumba hii, na nimepewa dakika kumi nisome maisha ya dada yangu. Mniwie radhi nikisoma huku nahamahama. Tangu siku ya msiba sijaweza kukaa kitako. Historia mliyo nayo kwenye programu ilichapwa Alhamisi. Leo asubuhi nimeongeza kitu mwishoni, na kitu hicho kina haraka.

Alice Nekesa alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1971 hapa Chekalini, wakati wa kuvuna, na jina lake lilitoka huko. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lazarus Makhanu na Mama Teresia Nafula, ambaye tuko naye hapa mbele. Kuku wetu walikuwa wakichanganyika na wa jirani, basi kila jioni ilikuwa ugomvi. Nekesa, akiwa na miaka minane, aliwafunga wetu nyuzi miguuni: nyekundu kwa anayetaga, nyeupe kwa anayeatamia. Jirani alikuja kudai ingokho, kuku wake, akaonyeshwa uzi, akarudi kwake. Baba alicheka hadi akakaa chini.

Alisoma Shule ya Msingi ya Chekalini kuanzia 1978 hadi 1985, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa darasa la nane. Baada ya miaka minne ya sekondari ya bweni alisomea uhasibu mjini Eldoret, akamaliza mwaka 1994.

Alifanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima huko Lumakanda kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka 2005 alifungua ofisi yake mjini Kakamega, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, akawa wakala wa kodi. Alikuwa na kitabu kimoja cha sheria. Kila sheria ilipobadilishwa, alikata kipengele kipya kwa makasi, akakibandika kwa gundi juu ya kile cha zamani, akaandika tarehe pembeni. Kitabu kilinenepa hadi akakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mteja akija na maneno ya kusikia, alimwambia, "Hayo ni ya sokoni. Hebu tuulize kitabu." Mawakala wenzake wenye kompyuta mpya walimcheka, halafu jioni wakampigia simu kumwuliza.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Mwalimu Nehemiah Masinde. Mwalimu mwenyewe husimulia kwamba alimwandikia barua tatu, akajibiwa ile ya tatu tu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na tarehe. Mungu aliwajalia Bravin na Mercy.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kazi yake yote ilikaa ndani ya sanduku la mbao alilotengenezewa na fundi mmoja wa Iguhu. Lilikuwa na pande mbili, Bado na Tayari, na kila mteja alikuwa na kadi yake. Zamani kadi zilikuwa na majina ya watu. Mwaka 2011 aliisahau kadi moja kwenye meza ya hoteli, na kufikia jioni mambo ya mwenye kadi yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Alikwenda kwa mtu huyo kwa miguu kuomba radhi. Tangu siku ile kila mteja alipewa jina la kupanga, akaambiwa alishike, na halikujulikana na mwingine. Karatasi zako alizisoma mbele yako, akaandika muhtasari kwenye kadi, akakurudishia papo hapo. Siku ya kujaza fomu ya kodi ndipo alipokupigia simu umpe namba yako ya kodi na neno la siri.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2025 alianza kulalamika tumbo. Mwezi wa Machi tuliambiwa ni saratani ya kongosho, tena imeenea. Aliendelea na kazi hadi tarehe 2 Juni, alipolazwa. Alifika wodini na sanduku lake kifuani, nami nikamnyang'anya. Nimesema, nikamnyang'anya. Nilikwenda kulifungia ndani ya buti ya gari.

"Chrispo, sanduku langu liko wapi?" aliniuliza kila asubuhi.

"Pumzika, dada. Kodi haikimbii."

"Kodi haikimbii. Tarehe ndiyo inayokimbia. Wewe unasemanga kesho, kesho, tangu ukiwa mtoto."

Nilidhani ninamlinda. Nilikosea, jamani, na ninalisema hapa mbele yake kwa sababu linanichoma. Alhamisi tarehe 19 Juni, saa tisa mchana, aliuliza ni tarehe ngapi. Mwalimu, aliyekuwa amemshika mkono, akamwambia. Akasema, "Zimebaki siku kumi na moja." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho; siku ile ile alituacha.

Ameacha mume, Mwalimu Nehemiah, watoto wawili, Bravin na Mercy, mjukuu mmoja, mama yetu Teresia, sisi ndugu watano, na Jepkorir, mwenzake wa ofisini kwa miaka tisa, ambaye kwetu ni dada.

Programu yenu inaishia hapo. MC, naona unanionyesha saa. Nakuomba, ndugu yangu, nivumilie kidogo.

Jumatano nililifungua sanduku pamoja na Jepkorir. Upande wa Bado tulikuta kadi tisa, zenye majina ya kupanga tu, bila namba za simu. Leo ni Jumamosi tarehe 28, na mwisho wa kujaza ni Jumatatu usiku. Watu wanangoja simu ya Alice, na simu hiyo haitalia. Najua wengine wenu mko hapa. Najua pia kwamba kwetu mtu haulizi mambo yake kwa wafiwa kabla ya mazishi, ndiyo maana mmekaa kimya kwa adabu huku roho ziko juu. Nilijaribu kubahatisha. Juzi nilimwuliza mzee mmoja kama yeye ndiye Jogoo wa Mchungaji, nusura anichape bakora. Mzee, samahani sana.

Basi nitasoma. Ukisikia jina lako usishtuke, usitazame huku na huku. Baada ya kumzika pita tu nyuma ya jikoni, kama mtu anayefuata maji ya kunawa. Jepkorir yuko huko na kompyuta. Na nyinyi wengine, msiwahesabu wanaopita. Alice hangependa.

Jogoo wa Mchungaji. Mama Asubuhi Njema. Fundi Risiti Zimelowa. Kofia ya Njano. Mzee Usiniharakishe. Malkia wa Posho Mill. Mwalimu Chaki Mbili. Shemeji Mpole.

Ni wanane hao. Kadi ya tisa haina muhtasari wala hesabu, ni tupu. Imechakaa pembe, inaonekana amekuwa akiirudisha upande wa Bado mwaka hadi mwaka kwa muda mrefu. Juu imeandikwa Kitinda Mimba Mkaidi. Mnacheka, eh? Chekeni. Kila mwaka aliniambia nimletee karatasi zangu, na kila mwaka nilimwambia najua kujaza mwenyewe. Sijui. Sijawahi kujua, na niliona aibu dada yangu aone nilivyoharibu.

Chini ameandika kwa penseli, kwa mkono uliotetemeka, kwa hiyo ni ya mwaka huu: "Jepkorir, huyu atakuja mwenyewe. Usimwulize kwa nini amechelewa."

Karatasi zangu ziko hapa, ndani ya koti. Nimekuja, dada. Nitapanga foleni nyuma ya jikoni, niwe wa mwisho, na kadi yangu nitaivusha upande wa Tayari kwa mkono wangu. Wewe sasa lala. Tarehe tutaziangalia sisi. Mungu akupe pumziko la amani.