Mukunde na Barua Isiyosomwa

Mgeni rasmi, Mama Béatha Nyiransabimana, uliyeacha ofisi yako ya elimu ukaja kutusikiliza; Madamu Claudette, mwalimu mkuu wetu; walimu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mlioketi mbele: amani iwe kwenu nyote.

KARIBU NIBOYE

Sisi wazazi na walezi wa Niboye tunakupokea kwa mikono miwili. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Wengine tumekulia Karagwe, wengine Bujumbura, wengine Mbarara, na kila mmoja alirudi na lafudhi yake. Usishangae ukisikia r na l zikibadilishana viti.

Tunajua risala huanza na idadi ya madarasa na madawati. Yetu tumeiandika juu ya mtoto mmoja. Anaitwa Mukunde, ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita. Yaliyompata ndiyo yaliyotufanya kuwa kikundi. Baba yake, Bwana Rwema, ameketi mstari wa pili. Tulipomwomba ruhusa ya kuyasema haya hadharani, alivua kofia kwanza. Kisha akasema, "Museme. Na jina langu mutaje, musifiche."

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, Mukunde si mtoto mzito. Akisikia jambo mara moja, halimtoki. Atakueleza safari ya damu mwilini kama mtu anayekuelekeza njia ya kwao. Macho yake ni mazima; yamepimwa mara mbili. Shida yake ni maandishi. Anasema herufi zikiwa moja moja zinatulia, lakini zikikaa pamoja kuwa neno zinasukumana: hii inaruka mbele ya ile, b inageuka kuwa d, na akifika mwisho wa mstari, mwanzo wake umeshampotea.

Hakuna aliyejua. Kwa miaka mitano alijificha kwa hesabu. Katika somo la Kinyarwanda watoto walisoma kwa zamu, safu ya Mukunde ya watoto kumi kwanza, kuanzia dawati la mbele kwenda nyuma, kila mmoja aya yake. Mukunde alihesabu vichwa na kujua aya yake ni ya ngapi. Jioni alimwomba mama yake, Vestine, amsomee somo la kesho. Vestine alisoma huku akimenya ndizi, akifurahi moyoni kwamba binti yake anapenda vitabu. Hakujua kwamba mtoto anayakamata maneno yote kwa masikio, neno kwa neno, kama mtu anayehamisha vyombo kabla nyumba haijashika moto.

Kila asubuhi alitapika kidogo nyuma ya choo, akasukutua mdomo, akaenda shule. Aliogopa mtoto mmoja asifike. Mmoja tu akiugua, hesabu inavurugika.

Mwezi wa pili mwaka huu Vestine alikwenda Kamembe kumuuguza mama yake. Kabla hajaondoka, Mukunde alimsihi amsomee masomo matatu ya mbele. La tatu lilipofika, alikaa darasani akijua aya ya tisa yote kichwani. Mwalimu Keith akaingia, akafungua kitabu, akasema, "Leo tunaanza nyuma."

Mukunde alisikia masikio yake yakiziba. Zamu yake iligeuka kuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alisoma upesi, kama vile anakimbizwa. Jina lake likaitwa. Akasimama, akatazama ukurasa, herufi zikasukumana. Basi akafanya jambo moja tu aliloliweza: akasoma kwa sauti nzuri, bila kukosea, aya ya tisa.

Darasa lilicheka hadi wa darasa jirani wakachungulia.

"Unanichezea?" Mwalimu Keith aliuliza.

"Oya, hapana, mwalimu."

"Basi soma aya ya pili."

Alikifunga kitabu. Akaambiwa asimame hivyohivyo, na alisimama hadi kengele. Mwalimu akaandika barua, akamkabidhi. "Mzazi aje Alhamisi, bila kukosa. Mtoto mkaidi hatuwezi kumpeleka kwenye mtihani wa taifa."

Hatumlaumu Mwalimu Keith, na yumo humu ukumbini. Ana watoto hamsini na wawili darasani, na anasema alikofundishwa ualimu hakuna aliyemweleza kwamba mtoto mwenye akili timamu anaweza kuona herufi zikimkimbia. Aliona jeuri kwa sababu hofu ya Mukunde ilivaa nguo ya jeuri.

BARUA

Bwana Rwema ni mlinzi wa lango la mchana kwenye nyumba moja ya Nyarutarama. Jioni hiyo alimkuta binti yake kwenye kibaraza, bado amevaa sare. Mukunde alimpa bahasha kwa mikono miwili, akasimama kando kusubiri kipigo au kilio, asijue kipi.

Rwema alifungua. Akaishika karatasi karibu na uso, kisha akaisogeza mbali. Mukunde alimtazama machoni, maana aliogopa kutazama mikono. Akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa mtu mwingine. Macho ya baba yake yalikwama kwenye mstari wa kwanza, yakarudi nyuma, yakajaribu tena, kisha yakaruka hadi chini kwenye sahihi na kutulia hapo. Ndivyo yanavyofanya macho yake mwenyewe.

"Balua inasema nini, Papa?"

"Iko sawa." Rwema akaikunja. "Wanasema unasoma muzuri. Iko tu na maneno ya usafi wa shule."

Mukunde alijua barua inasema nini. Mwalimu alikwisha kumwambia. Lakini hakusema. Alivyotusimulia baadaye, hofu ya Alhamisi ilikuwa ndogo kuliko hofu iliyomwingia pale kibarazani. Siku zote alijifariji kwamba kitu hiki ni cha utotoni, kama meno ya maziwa, kwamba ipo siku ataamka herufi zimetulia. Sasa alimwona baba yake, mtu wa miaka arobaini na minne, anacho kilekile. Kumbe hakiishi. Kumbe mtu anazeeka nacho, akidanganya watu anaowapenda.

Kumpigia simu mama yake na kumweleza ni kumshtaki baba. Angeweza kumpelekea jirani barua, lakini kumpelekea jirani ni kumwanika baba. Walikula chakula kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile.

Alhamisi ikapita. Jumatatu iliyofuata karatasi ya watahiniwa ilibandikwa ukutani. Mukunde alisimama nyuma ya wenzake, akijifanya anasoma. Msichana mmoja akageuka, akamwambia, "Wewe hauko. Wamekukata."

LANGONI

Hakurudi nyumbani. Alitembea kwa miguu kutoka Niboye hadi Nyarutarama, akiuliza njia, maana vibao vya barabara havikumsaidia. Alifika amekauka midomo.

Langoni palikuwa na gari. Kwenye lango hilo kuna daftari la wageni, na kila anayeingia huandikwa jina na saa. Kwa miaka sita Rwema alikuwa akiwapa wageni kalamu waandike wenyewe, akisema ndio utaratibu wa usalama. Siku hiyo mgeni alikuwa mwanamume mwenye mkono uliofungwa plasta.

"Niandikie wewe," mgeni alisema. "Bertrand. Siwezi kushika kalamu."

Rwema alishika kalamu. Mukunde, amesimama hatua chache nyuma ya gari, aliona mkono wa baba yake umesimama juu ya karatasi bila kuigusa.

"Kuna shida?" mgeni aliuliza.

"Papa," Mukunde akaita. "Papa, wamenitoa. Jina langu haliko. Ile balua ilisema uende Alhamisi."

Rwema aligeuka. Alimwona binti yake na vumbi hadi magotini. Wote wanaomjua wanasema mtu huyu hajawahi kulia mbele ya mtoto. Hakulia. Aliweka kalamu juu ya daftari, akamwambia mgeni, "Bosi, unisamehe. Mimi sijui kuandika. Na kusoma pia sijui." Kisha akamgeukia Mukunde. "Nilikudanganya, mwana wanjye, mwanangu. Niliogopa."

"Nilijua," Mukunde akasema. "Na mimi iko hivyo."

Mgeni alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora jina lake lililopinda, akaingia. Hadi leo Rwema hajui kama mwenye nyumba aliambiwa. Kila akiitwa ndani, hudhani ndiyo siku ya kufukuzwa. Ndiyo maana tunasema, kukubali jina lake lisomwe hapa leo si jambo jepesi.

TULIYOYAPATA

Kesho yake asubuhi Rwema alimfikia Madamu Claudette, akamweleza yote akiwa amesimama. Madamu alimwita Mukunde, akafunga vitabu vyote mezani, akamuuliza maswali ya sayansi kwa mdomo. Kumi. Akajibu tisa. Akamuuliza mengine kumi, akajibu yote. Madamu akavua miwani, akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu, tulitaka kumrudisha huyu darasa la nne." Jina likarudi kwenye orodha.

Habari ikatoka. Mama mmoja akaja kwa Vestine, aliyekuwa amerudi, akasema wangu naye yuko hivyo, nilidhani amerogwa. Kisha baba mmoja wa Batsinda, aliyekuwa amemfungia mwanawe ndani likizo nzima asome kwa lazima. Tukawa familia saba, watoto kumi na mmoja. Kila Jumamosi tunakutana kwenye chumba cha parokia. Mmoja anasoma kwa sauti, watoto wanasikiliza na kujibu, kisha wanafuatisha herufi kwa kidole kwenye mchanga, polepole, bila mtu kucheka. Bwana Rwema huketi nao kwenye mkeka. Mwezi uliopita aliandika jina lake. Mwalimu Keith huja pia, na ndiye anayesoma.

Mafanikio yetu ni hayo tu. Hatukuyapamba.

YANAYOTUTISHA

Mgeni rasmi, mtihani unaanza baada ya siku kumi na tisa. Pale hakuna wa kumsomea Mukunde. Atapewa karatasi kama wenzake, na dakika kama wenzake, na herufi zitamfanyia yale ya siku zote. Mambo yote aliyonayo kichwani yatabaki humo, na karatasi itatoka tupu.

Madamu Claudette ameandika mara mbili kuomba mtu wa kumsomea maswali na muda wa ziada. Jibu halijafika. Tunaogopa huenda barua hizo nazo zimelala mahali pasipo na wa kuzisoma. Tunaogopa kuambiwa kwamba utaratibu upo kwa asiyeona, lakini huyu anaona. Tunawaogopea wale kumi wanaomtazama yeye: akianguka, watajua hata kusema ukweli hakusaidii, na watarudi kwenye kuhesabu vichwa.

Naye ameanza tena kutapika asubuhi. Vestine anamsikia akijisomea aya ya tisa usingizini.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi, tukayafuta, tukabakiza mawili. La pili linaweza kusubiri: walimu wetu wafundishwe kuwatambua watoto hawa kabla hofu haijawafundisha kudanganya.

La kwanza haliwezi kusubiri. Fomu ya kumwombea Mukunde msomaji na muda wa ziada iko mezani mbele yako, imejazwa na kugongwa muhuri wa shule. Inahitaji sahihi ya ofisi yako. Tunajua haifai kumsukuma mgeni mbele za watu. Utusamehe. Tumejaribu njia ya adabu mara mbili, na siku zimekwisha.

TUNAMALIZIA

Mgeni rasmi, labda umekuwa ukimtafuta Mukunde kati ya watoto walioketi hapa mbele. Hayumo. Ni yule aliyesimama karibu na mlango, mwenye sweta ya bluu. Tulimwambia aketi na wenzake, akakataa. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Mama mgeni akisema hapana, nataka nitoke mbio, watu wasinione."

Mlango tumeuacha wazi, kama alivyotaka. Tunakuomba asiutumie.

Mungu akulinde barabarani, awape wanao masikio ya kusikiliza na wa kuwasikiliza, na akujalie usingizi mwema usiku wa leo, kwa jibu lolote utakalolitoa.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi na Walezi Tega Sikio, Niboye, Kicukiro.
Imesomwa na Phiona, katibu, kwa niaba ya familia saba.