Nilivyoenda Ofisi ya Leba na Mtoto Mgongoni

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi mama zetu mlioketi hapo mbele, habari ya mchana. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha walioumia kazini amenifuata muda mrefu akitaka nisimame hapa, na kila mara nimekuwa nikisingizia kazi. Leo amenishika. Mimi si mtu wa kuongea. Mkiona nasimulia mambo haya kama mtu anayesoma bei za sokoni, msifikiri yalikuwa mepesi. Yalinijia hivyo hivyo, makavu, na mpaka sasa sijui kuyasema kwa njia nyingine. Majina sitataja. Wengine bado wako kazini humu mjini, na wana watoto wa kulisha.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha mbao, hapa hapa Eldoret. Mimi nilisukuma mbao kwenye msumeno wa mviringo, na rafiki yangu mmoja, mtu wa Chepsaita, alisimama upande wa pili akizipokea. Msumeno ule ulikuwa na kifuniko chake cha chuma cha kukinga mikono, lakini kilikuwa kimeegeshwa ukutani. Tulikikuta hapo siku tulipoandikwa. Msimamizi alisema kinachelewesha kazi. Hatukuuliza. Ukiuliza sana, kesho yake unakuta mtu mwingine amesimama mahali pako.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na magogo yalikuwa yamelowa. Ubao ulikwama, ukaruka, na mkono wangu ukaufuata. Nawaambieni ukweli, sikusikia uchungu. Nilimwona mwenzangu amefungua mdomo, nikafikiri ananiita tukale. Halafu nikaona maranda yamebadilika rangi. Yeye ndiye aliyezima mashine, akavua shati lake, akanifunga, akanipakata nyuma ya lori mpaka hospitali. Njia nzima alikuwa akiniambia, "Usilale. Niangalie mimi. Usilale."

Nilipoamka, mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko. Mnauona. Huu hapa.

Mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Alikuja kuniona tumbo likiwa limemtangulia, akaketi kwenye kiti, asilie, akanilisha uji kwa kijiko. Baada ya siku chache uchungu ukamshika, akalazwa upande ule mwingine wa hospitali hiyo hiyo. Nesi akaniletea mtoto amefungwa kwa blanketi. Akasema, "Baba, mshike binti yako."

Nikamwambia, "Mweke hapo kitandani."

Yule nesi alinitazama, akaangalia bandeji, akamweka. Alifikiri naogopa kumwangusha. Sikuwa naogopa. Sikuwa na kitu chochote ndani, ndugu zangu. Nilimwangalia yule mtoto kama unavyoangalia mzigo wa msafiri mwingine.

Tukarudi nyumbani Kapsoya, kwenye chumba chetu kimoja. Mke wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, kwa hiyo alikuwa na likizo ya uzazi yenye mshahara. Likizo ile tuliila wote. Alikuwa anyonyeshe na apumzike kama wanawake wengine. Badala yake alimnyonyesha mtoto, akaniosha kidonda, akanifunga vifungo vya shati, akanifungia kamba za viatu. Na viatu vyenyewe vya nini? Sikuwa naenda popote. Nilikuwa nakaa kwenye stuli nikitazama ukuta. Asubuhi nilitazama ukuta, jioni nilitazama ukuta.

Likizo ilipokaribia kwisha, alikwenda kwa meneja wa wafanyakazi kuomba aongezewe muda. Akamweleza kila kitu. Yule meneja hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, likizo ya kuzaa iko. Likizo ya kuuguza bwana haiko." Mke wangu aliporudi akaniambia maneno hayo hayo, akaanza kupiga pasi nguo zake za kazi.

Sasa nirudi kidogo kwa hii habari ya fidia, kwa sababu najua wengi wenu imewaleta hapa. Sheria ilikuwepo, mtu akiumia kazini alipwe. Mimi nilidhani utaonyesha mkono uliokatika na mambo yamekwisha. Kumbe mkono uliokatika unataka kuthibitishwa kuliko hata ule ulio mzima. Daktari wa serikali akaupima, akaandika nimepoteza asilimia ngapi ya nguvu za kufanya kazi. Nikaipeleka karatasi hiyo ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi. Karani pale alikuwa na fomu, akaisoma bila kuinua macho, akasukuma kile kidude cha wino mbele yangu.

"Weka gumba la kulia."

Nikamwambia, "Liko kiwandani, kwenye maranda."

Hakuna aliyecheka. Akaniangalia, akaangalia ile picha ya Rais pale ukutani kama anayetaka ruhusa, halafu akasema, "Basi weka la kushoto," akakata neno "kulia" kwa kalamu.

Kisha ikaja barua ya kiwanda. Walisema kifuniko cha msumeno kilikuwa mahali pake siku ile, na ni mimi niliyekitoa kwa kiburi changu. Na mtu akijiumiza kwa makusudi ya kuvunja amri, halipwi. Afisa wa leba akanisomea polepole, kisha akauliza, "Kuna mtu aliyeona?"

Nikamfuata yule mwenzangu wa Chepsaita. Nilimngoja nje ya geti saa za kutoka kazini. Aliponiona alisimama, lakini hakuniangalia usoni.

"Ndugu yangu," akasema, "nina watoto. Na wewe unajua siku hizi. Ukimpinga mkubwa, hata mkubwa wa mbao, unaitwa mchochezi. Unitoe hapo."

Nikamwambia, "Sawa."

Sikumchukia. Ndiyo maana nasema sikuwa na kitu ndani, kwa maana hata chuki ilikosekana. Huyu ndiye mtu aliyevua shati lake kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye stuli, na ofisi ya leba sikwenda tena. Waliniita, sikwenda. Wakaniita mara nyingine, wakasema nisipofika faili itafungwa. Mke wangu akaniuliza, "Sasa utaenda?" Nikasema nitaenda. Yeye alijua siendi.

Siku ya kurudi kazini ikafika. Mama mkwe alikuwa aje kutoka nyumbani kumshika mtoto, lakini alipatwa na homa. Mke wangu akakamua maziwa akaacha kwenye kikombe kilichofunikwa, akamlaza mtoto kitandani, akavaa koti. Pale mlangoni akanigeukia.

"Baba mtoto," akasema, "mimi nimefika mwisho. Nikikosa leo, wataandika mtu mwingine. Huyu ni wako pia."

Akaenda.

Mtoto aliamka na kulia. Mimi nikakaa. Akalia mpaka sauti ikaanza kukauka, na mimi bado nimekaa. Kisha nikasikia mlango unapigwa kwa nguvu. Alikuwa jirani yetu, mama mmoja aliyetoka upande wa Nyeri, mwenye duka pale kwenye kona. Aliingia bila kukaribishwa, unga bado uko mikononi.

"We baba, huyo mtoto analia hivyo na wewe umekaa?"

"Sina mkono, mama."

"Una mmoja. Mimi nina wateja wananingoja. Simama."

Nilifikiri atamchukua. Hakumchukua. Alinisimamia kama mwalimu. Akanifundisha kubadilisha nepi, ncha moja ya kitambaa kwa meno na nyingine kwa vidole, pini ninaibana kwa gumba. Akanionyesha kutandika leso, ile kanga ya mke wangu, kitandani, kumlaza mtoto juu yake, mimi nichuchumae, nimvute mgongoni, pembe moja niibane kwa kidevu na nyingine niipitishe chini ya hiki kigutu, kisha nifunge kwa mkono mmoja na meno. Tulirudia mpaka nikatoka jasho. Mtoto akanyamaza, nadhani kwa mshangao. Mama yule akasema, "Umeona? Sasa usiniharibie biashara," akarudi dukani kwake.

Alhamisi ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho niliyopewa na leba kabla faili haijafungwa. Siwadanganyi kwamba nilipata ujasiri. Mke wangu aliniambia asubuhi, "Leo ni Alhamisi," basi, akaenda kazini. Nami nilishachoka kukaa na zile kuta. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka.

Mwanaume amebeba mtoto mgongoni katika mji huu! Nyinyi mnajua. Vijana waliokuwa wakipakia magunia ya mahindi waliacha kazi. Mmoja akaita, "Mama, umeota ndevu?" Wenzake wakashika mbavu. Nikapita. Njia yangu ilipita mbele ya geti la kiwanda, na ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wote wameketi nje na vikombe vya chai. Wao hawakucheka. Waliweka vikombe chini mmoja baada ya mwingine. Mwenzangu wa Chepsaita alikuwa katikati yao, mkate mkononi. Hakuniita, nami sikumwita.

Katika ofisi ya leba benchi lilikuwa limejaa. Wanawake wawili wakasogea nikapata pa kukaa. Nikakaa nikitazama mbele, na muda si muda nikasikia joto mgongoni. Joto likashuka mpaka kiunoni, likaingia kwenye suruali. Binti yangu alikuwa amenikojolea.

Ndugu zangu, chekeni, nami nilicheka. Lakini nawaambieni, tangu msumeno ule, hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza mwili wangu kukisikia. Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha haikuwa kicheko tena. Mama mmoja pale benchini akamfungua mtoto, akamshika, akaniacha nilie.

Niliingia kwa afisa suruali imelowa. Nikamwambia, "Mimi sikutoa kile kifuniko. Sina shahidi, lakini faili yangu usiifunge." Akaifungua tena. Akasema atanipa nafasi moja zaidi.

Jioni ile, jua bado halijazama, mwenzangu alifika kwangu kwa baiskeli. Alikaa, akakataa chai. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu.

"Nimekuona leo," akasema.

"Watu wengi wameniona."

"Bibi yangu, mama watoto, nimemwambia. Amesema nisipoenda, nisimweleze tena habari zako." Akasugua uso kwa viganja. "Nitaenda na wewe."

"Na kazi?"

"Usiniulize kazi, nisije nikabadilisha nia."

Alikwenda. Alisimama mbele ya afisa na mbele ya mtu wa kiwanda aliyevaa suti, akasema kifuniko kile hakijawahi kuwa juu ya msumeno machoni pake, na akataja ni nani aliyekataza kisirudishwe. Aliyasema yote. Afisa akaenda mwenyewe kiwandani, akakuta matundu ya skrubu za kukishikia yamezibwa na kutu, hayajaguswa miaka.

Nililipwa. Ilichukua muda mrefu, na haikuwa kama nilivyoota, lakini nililipwa. Siku ya kuchukua hundi nilingoja nifurahi, furaha haikuja. Nawaambieni hivyo ili na nyinyi isipokuja msishangae. Ilikuja polepole, vipande vipande. Siku nyingine haipo hata leo.

Mwenzangu yule aliachishwa kazi kabla ya mwezi kwisha. Walisema kazi imepungua. Alirudi Chepsaita kulima. Nilimfuata huko na sehemu ya fidia, akaikataa. Nikaondoka, nikarudi na ng'ombe wa maziwa, nikamfunga kwenye mti mbele ya nyumba yake nikaondoka bila kuaga. Huyo hakumrudisha. Lakini ng'ombe si kazi, ndugu zangu. Najua alichopoteza, na sina la kusema juu yake zaidi ya kulisema mbele za watu kama hivi.

Kwa hiyo namshukuru yeye. Namshukuru mama yetu wa duka, aliyekataa kunihurumia. Namshukuru yule mwanamke wa benchini ambaye sikumjua wala sijamwona tena. Na mke wangu, ambaye hayuko hapa kwa kuwa ana shifti. Likizo yake moja ya uzazi aliuguza watu wawili, na hakuna ofisi iliyomlipa kwa yule wa pili. Binti yetu sasa yuko shule, anakunywa maziwa ya Nyayo yale wanayogawiwa na serikali, na ana mdomo kunishinda.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiumia, ajali iandikwe leba mapema, na mtu aliyeona umwombe aseme angali anakumbuka, hofu haijamwingia. Ofisi ikikuita, nenda. Usingoje mpaka ujisikie kwenda. Mimi ningengoja hivyo, ningekuwa bado kwenye stuli.

Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, bandeji yako bado mpya. Umekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayetaka kutoka. Hatukuulizi kitu leo, hata jina. Jumatatu asubuhi mimi nitakuwa pale kwenye ngazi za ofisi ya leba. Kama huna wa kumwachia watoto, kuja nao. Nitawabeba.