Historia ya Marehemu Rogathe Sadock Mgonja, Aliyefuata Kijito Mpaka Chini

Baba Mchungaji, ndugu waombolezaji mliopanda mlima kuja hapa Ikombwe, na nyinyi mliotoka tambarare kabla jua halijachomoza, Sifael, mdogo wake marehemu, anawasomea maisha ya dada yake kwa niaba ya familia, kama tulivyokaa jana tukayaandika na kukubaliana kwamba hakuna kitakachorukwa.

Marehemu Rogathe alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Ikombwe, wilaya ya Same, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Sadock Mgonja na mama Agatha, akabatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1981. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, kisha akajiunga na chuo cha kilimo na kuhitimu cheti mwaka 1987, mwaka ambao pia aliajiriwa kuwa bibi shamba, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa katika kata za milimani, akipanda na kushuka kwa miguu mpaka wakulima wakawa wanamtambua kwa kikohozi chake kabla hajafika uani.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na bwana Anold Mmbaga, fundi seremala, na wakajaliwa watoto watatu, Agatha aliyezaliwa mwaka 1991 na kupewa jina la bibi yake, Tumainieli mwaka 1994, na Priska mwaka 1999, pamoja na wajukuu wanne.

Mwaka 2006 aliacha utumishi kwa hiari akafungua duka la pembejeo pale njia panda, akiuza mbegu, mbolea na dawa za kuua wadudu, na kwa kuwa maelezo ya chupa nyingi yalikuwa ya lugha ya kigeni, kila chupa aliiandika ubavuni kwa kalamu ya bluu, vifuniko vingapi kwa bomba moja la kupulizia, na siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Ni miaka hiyo nyanya zilipotushika, tukalima mpaka ukingoni mwa kijito, tukaoshea mabomba ya kupulizia ndani ya maji yaleyale, mvua ikachukua mbolea yetu na kuishusha, na ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia, ikawa ya kijani kila msimu na kutoa harufu. Marehemu aliliona hilo, alituonya dukani, tukamjibu sawa mama na kuondoka na chupa zetu, naye, jambo ambalo mwenyewe alitaka lisemwe, aliendelea kuuza.

Jumatatu tarehe 11 Novemba 2019 mvua kubwa ya vuli ilinyesha juu ya mashamba yaliyokuwa yamepuliziwa asubuhi ileile, na Jumatano tarehe 13, kule chini kijito kinapoingia tambarare, ng'ombe tisa wa mzee Parsimei walikunywa maji, wakaanza kutetemeka na kutoa povu, na kabla ya jioni wote walikuwa wamekufa. Kesho yake marehemu alichukua kiroba, akakifuata kijito peke yake mpaka chini, na saa kumi alasiri alirudi na chupa saba tupu, akazipanga barazani mbele ya mumewe, zote zikiwa na mwandiko wake wa bluu.

Bwana Anold alimwambia, "Mama Agatha, choma hizo chupa, wakiziona watatuchomea nyumba."

Akamjibu, "Nikizichoma hizi, keshokutwa nitauza nyingine."

Ijumaa tarehe 15 wafugaji walipanda, mzee Parsimei akiwa mbele, wanaume kama arobaini wakiwa na fimbo na marungu, na vijana wetu wakawasubiri kwenye ukingo wa ndiva wakiwa wameshika mapanga, eti ya kusafishia mfereji, kiongozi wetu mmoja akasema ng'ombe walikula majani yenye sumu hukohuko kwao, na Sifael anayesoma hapa ndiye aliyepiga kelele kwamba warudi walikotoka. Ilibaki hatua chache tu watu wafikiane, ndipo marehemu akapita katikati, akafungua kiroba na kumwaga chupa zote saba chini.

"Shikamoo baba," alimwambia Parsimei, na Parsimei hakuitika. "Dawa hizi nimeuza mimi, na huu mwandiko ni wangu. Sijui ni chupa ipi, ila ng'ombe wako hawakufa kwa majani."

"Zilitumika kwenye mashamba ya nani?"

"Mwenye duka ni mimi, baba."

Parsimei alizitazama zile chupa, akamtazama na yeye. "Na wewe unakunywa maji gani?"

"Haya haya. Na wajukuu zangu pia."

Parsimei aliteremsha rungu lake, akasema, "Marahaba," na wenzake nyuma yake wakateremsha fimbo na marungu yao. Marehemu alijua kila chupa aliiuza kwa nani, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Sifael, lakini jina hilo halikutoka kinywani mwake siku ile wala baadaye.

Wataalamu wa maji walichukua sampuli, na tarehe 3 Desemba majibu yalisomwa mbele ya kijiji, kwamba kulikuwa na mabaki ya dawa ya wadudu, na chumvichumvi za mbolea zilizopita kiwango cha maji ya kunywa. Wateja walimsusa, mawe yakarushwa juu ya bati la duka, akalifunga Februari 2020, na Sifael hakumwamkia dada yake kwa miezi kumi na minne. Marehemu alipita nyumba kwa nyumba na kamba ya kupimia, akiomba kila mtu arudi nyuma mita sitini kutoka kwenye maji, akapanda mabingobingo ukingoni ili majani yake yazuie udongo na mbolea, na kufikia mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 mashamba yote yalikuwa yamerudi nyuma isipokuwa moja, la mdogo wake.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2021, na tarehe 2 Juni 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa mjini Same, kisha akahamishiwa Moshi. Jumapili tarehe 16, kwa ulimi mzito, maneno yakitoka kwa shida, alimuuliza mdogo wake, "Sifael, lile shamba la kule chini?" naye akajibu, "Nikishavuna, dada." Marehemu akageukia ukutani. Jumatano tarehe 19, saa tatu asubuhi, aliaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Same na Moshi, wanausharika, majirani mliobeba maji na kuni siku zote hizi tatu, mabibi na mabwana shamba mliofanya naye kazi, na mzee Parsimei na mkewe mama Naeku, mliokuja na watu wenu bila kuitwa. Tunawaomba pia mjue kwamba maji bado hayajawa salama, kipimo cha Aprili bado kimepita kiwango, kwa hiyo mtoto mchanga asipewe maji ya ndiva hata yakichemshwa, maana mbolea haiondoki kwa moto.

Na Sifael, mbele ya jeneza hili, anasema kwamba keshokutwa Jumatatu saa moja asubuhi nyanya zake za kule chini zitang'olewa, mbichi kama zilivyo, na mwenye jembe aje nalo.

Dada Rogathe, jibu la swali lako limechelewa siku sita, utusamehe, na pumzika kwa amani.