Mwalimu Sellah Jepkoech, Aliyewaketisha Mzazi na Mwanawe Gunia Moja

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dadake mdogo, Chepkemei, nyumbani kwa marehemu, Kachibora, Jumamosi tarehe 15 Novemba 1997.

Huyu tuliyekuja kumzika alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 juu ya Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kipkemboi na mkewe. Katika nyumba ambayo kila mtu alizaliwa akiongea, Sellah peke yake alijua kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Alisoma shule ya msingi Kimilili. Alipofaulu, baba alisitasita kumwendeleza msichana. Mama akasema kwamba ikiwa Sellah hasomi, basi na ng'ombe hawatakamuliwa. Sellah alisoma. Alihitimu chuo cha walimu mwaka wa 1967 akiwa wa kwanza ukoo mzima, na baba huyohuyo akawa anatembea na cheti mfukoni akiwaonyesha watu sokoni.

Alianza kazi Bokoli, akahamishiwa Bungoma mjini, na mwaka wa 1979 akafika katika shule moja ya sekondari ya Kitale. Huko alipewa kazi iliyokimbiwa na wenzake, ya kuwashauri wanafunzi watukutu. Wote mnawajua watoto hao. Mtoto wa aina hiyo kiti kinamchoma, anadakia maneno kabla mwalimu hajamaliza, anaanza kazi nne na hamalizi hata moja, sweta yake haijulikani iliko. Siku hizo dawa ilikuwa moja tu, kiboko, na aliyeuliza kama kiboko kinaponya alijibiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mwaka wa 1983 Sellah alihudhuria semina Nairobi. Daktari wa watoto akawaeleza kwamba kuna anayezaliwa na ubongo ambao unapata taabu kutulia na kushika jambo, kwamba huo si ujeuri wala laana, na kwamba wengi hubaki nao hata wakibalehe. Jina la Kiingereza alilijua, lakini kwa wazazi hakulitumia. Aliwaambia, "Mtoto wako ana akili ya mbio," nao wakaelewa.

Mwaka uliofuata alianzisha kikao cha Jumamosi chenye sharti moja. Mzazi na mtoto waje pamoja, na mmoja akikosa, mwenzake arudi nyumbani. Aliamini kwamba ukimtengeneza mtoto peke yake, kisha ukamrudisha kwa mzazi yuleyule wa jana, umefanya kazi bure. Mwalimu mkuu alisema anaharibu nidhamu, akamnyang'anya chumba. Sellah alihamishia kikao hapa nyumbani, kando ya ghala la mahindi. Alitandika gunia chini, akawaketisha wawili bega kwa bega wakipukuchua mahindi, kwa kuwa mtoto wa aina hiyo husikia vizuri mikono yake ikiwa na kazi. Lile shada kubwa kuliko yote pale mbele limetoka katika shule hiyo.

Mzee Adan, mwenye duka karibu na msikiti wa Kitale, yupo chini ya hema na ameruhusu hili lisomwe. Alikuja mara ya kwanza amemshika mkono binti yake Sabiha, wakati huo ana miaka kumi na minne.

"Mwalimu, hii mtoto nimetuma vitu tano, amerudi na sabuni peke yake! Masikio yake iko wapi?"

"Sawa, Baba Sabiha," Sellah akamwambia. "Hebu simama. Niletee debe, mfunge yule kuku, uliza kama chai imeiva, uangalie kama ghala limefungwa, halafu urudi uketi upande huu."

Mzee aliondoka kwa madaha. Muda si muda alionekana amesimama katikati ya uwanja, debe mkononi, anamtazama kuku. Sabiha alicheka mpaka akaangukia mahindi. "Baba, si ulisema ni masikio?"

"Wallahi, mwalimu, kuku ndiyo imeniharibia!"

Tangu siku hiyo Adan alijifunza kumgusa binti yake begani kwanza, kumtuma jambo moja, na kungoja. Sabiha naye alijifunza kurudia alichoambiwa kwa sauti, na kusema "nimesahau" badala ya kutunga uongo. Alimaliza kidato cha nne, na leo ndiye anayeliendesha duka.

Marehemu alifunga ndoa na Mzee Hiram Kimutai, karani wa josho la ng'ombe, mwezi wa Agosti 1970. Mungu aliwajalia watoto wawili, Chesang mwaka wa 1971 na Kiptanui mwaka wa 1974. Kiptanui alikuwa na akili ya mbio kuliko wote waliowahi kupita katika uwanja huu. Mama yake alijua hivyo mtoto hajatimiza hata miaka mitano. Kila Jumamosi alimwomba mumewe aje aketi na mwanawe, na Mzee, ambaye sasa hivi yuko nyumba hii ya pili akinywa chai, alimjibu vilevile kila mara.

"Wewe tengeneza watoto ya watu. Mimi nikae chini na mtoto, nipukuchue mahindi kama mama? Watu wataniona aje?"

Alikuwa na dawa yake. Desemba 1988 alimpeleka Kiptanui jandoni kabla ya rika lake, akisema akitoka huko atatulia. Kijana alitoka kidonda kimepona na akili ingali mbioni, maana kisu hakifiki kichwani. Kilichobadilika ni kwamba kwa desturi yetu sasa alikuwa mwanamume. Hakuingia tena jikoni kwa mama yake, wala mama hakuweza kumtuma na kumkosoa kama zamani. Jandoni kulimtoa katika mikono iliyomjua kukamtia katika mikono iliyojua fimbo tu. Mwaka wa 1990, akiwa kidato cha pili, alisahau kufunga lango na ng'ombe wakaingia shamba la jirani. Baba yake alimchapa mbele ya majirani, yeye mwanamume aliyetahiriwa. Wiki hiyohiyo Kiptanui alikwenda Bungoma, na huko ndiko anakotengeneza baiskeli mpaka leo.

Watu wa soko hili walisema, "Mganga hajigangi." Mliomwambia usoni mpo hapa, na chakula kipo, mtakula. Yeye aliwajibu mara moja tu. "Gunia liko. Aliyekosa kuja ni mmoja, na si mtoto." Kisha akaendelea kuwaketisha wazazi wengine na watoto wao, na waliporudi nyumbani wakicheka, aliingia ndani akalia. Katika maisha yake yote alitaka jambo moja, Hiram na Kiptanui waketi mahali pamoja, hata kwa saa moja.

Mapema mwaka wa 1996 alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakagundua saratani. Alilazwa mara kadhaa katika hospitali ya misheni upande wa Bungoma. Kila aliyemtembelea alipewa ujumbe uleule, kwamba waje wote wawili, siku moja. Kiptanui alikuja kila juma. Hakuweza kukaa kitini, alitembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, na wauguzi walipomkemea, mama yake aliwaambia, "Mwacheni atembee. Ananisikia." Jumapili tarehe 2 Novemba Mzee Hiram naye alifika. Langoni aliona baiskeli ya mwanawe imeegeshwa. Alimkabidhi bawabu chupa ya maziwa, akageuka, akarudi Kachibora. Sellah aliletewa maziwa, akaitambua chupa ya nyumbani kwake, akageukia ukutani. Hakuyanywa.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 1997, alfajiri, Chesang akiwa kando yake. Siku ya kuchukua mwili, baba na mwana walipanda gari moja kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Waliketi nyuma, jeneza katikati yao, mpaka kufika hapa.

Mzee Hiram ameomba wasifu huu useme kwamba yeye na marehemu walimlea Kiptanui kwa ushirikiano. Haukusema.

Marehemu ameacha mume, Mzee Hiram Kimutai, binti, Chesang, mwana, Kiptanui, wajukuu wawili, dada mmoja, na wazazi wengi, na vijana ambao sasa ni watu wazima, waliotoka katika uwanja huu wakiwa wanaelewana.

Shemeji Hiram, mwanangu Kiptanui, tumewawekea viti viwili hapo mbele tangu asubuhi, na mpaka sasa vitupu. Mnaweza kuketi. Yeye hataona.

Dada yetu na apumzike kwa amani ambayo nyumbani mwake hakuipata.