Makato ya Kila Tarehe Sita

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka langu la steshenari, mkabala na kibanda cha fundi saa. Mimi natoa kopi, napiga chapa barua na kuwajazia watu fomu. Fundi saa tunamwita Sekunde, kwa sababu hajawahi kuwahi popote. Soli ni fundi viatu. Mzee Kaunta alilinda mlango wa benki miaka ishirini na miwili, akastaafu akiamini ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kila saa nne asubuhi mama mmoja hutupitishia kahawa, na kwa kweli sisi hunyamaza tu wakati wa kupuliza vikombe.

Alhamisi hiyo Sekunde alikuja na karatasi ya benki mkononi. Alikuwa anataka mkopo anunue mashine ya kusafishia saa, wakamwambia alete taarifa ya akaunti ya mwaka mzima. Ndipo alipoisoma kwa mara ya kwanza.

— Hebu tazameni, akasema. Kila tarehe sita nakatwa. Wameandika "maji". Mimi nalipa maji ya nani?

Swali lilikuwa la haki. Anaishi chumba cha kupanga na maji yamo ndani ya kodi.

— Hayo ni makato ya benki yenyewe, akasema Mzee Kaunta bila kuitazama karatasi. Wanayaita maji kwa sababu yanapita kimya kimya. Nilikuwa pale, nayajua.

— Ulikuwa mlangoni, mzee, Soli akamkumbusha.

— Mlangoni ndiko kila kitu kinakopita.

Soli akaweka kikombe chini.

— Mimi nilishtuka mapema. Yule muuza ngozi wa jumla alitaka nisaini karatasi, awe anajichotea mwenyewe kwenye akaunti yangu kila wiki mbili. Nikamwambia, ngozi yako nitailipia, yangu niachie. Ukiwafungulia mlango leo wanachukua maji, kesho umeme wa mkurugenzi, keshokutwa unalipia harusi ya mwanawe na kadi ya mwaliko hupati.

Nikaona niseme ninachokijua.

— Si hivyo. Hii mashine yangu ya kopi nimeikodi. Nilisaini idhini, kwamba kila tarehe tano kampuni iombe kodi yake benki, na benki iwape bila kuniuliza tena. Inanisaidia, maana mimi ni msahaulifu. Ubaya wake ni kwamba siku hiyo wakikuta akaunti tupu, benki inanitoza faini, na kodi bado wanaidai. Lakini bila saini yangu hawagusi kitu. Na siku nikichoka, naandika barua benki kusitisha, kampuni nayo naiarifu.

— Basi Sekunde alisaini, Soli akasema.

— Sikusaini chochote, akajibu Sekunde.

— Wamekuigia, akasema Mzee Kaunta. Saini yako ni mstari mmoja na nukta. Hata mjusi akipita kwenye wino anaiweza.

— Mjusi hana haja ya maji mengi hivyo. Hiyo ni hoteli. Wana bwawa la kuogelea, Soli akasema. Ndugu yangu, una bwawa na hujawahi hata kulowesha mguu.

— Bwawa gani. Wanafuga samaki humo, Mzee Kaunta akamsahihisha. Maji kiasi hicho kila mwezi ni ya samaki. Na kwa sheria, mwenye maji ana fungu lake katika samaki.

Tulipofika kikombe cha pili, Sekunde alikuwa na shamba la samaki wanaosafirishwa kwa ndege, na Soli ameshaomba kazi ya usimamizi. Sekunde mwenyewe alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyeona kwamba pembeni ya kila kato palikuwa na namba ya mteja. Nikampa simu, akapiga kampuni ya maji, akataja jina lake na ile namba. Alisikiliza. Akasema "ndiyo", akasema "ndiyo" tena, kisha akasema "ahsante, dada" kwa sauti ndogo.

— Nilisaini, akatuambia. Miaka mitano iliyopita. Ni nyumba ya mama.

Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu habari ya nyumba ile tuliijua. Mama yake alipougua, kazi ya Sekunde ilikuwa kwenda huku na huko kutafuta dawa. Akaogopa asije akasahau bili, mgonjwa akakatiwa maji, ndipo akajaza idhini akaisahau. Miaka miwili baadaye mama akafariki. Kaka yake mkubwa, anayeishi pale na mkewe, akamgawia jirani cherehani ya marehemu kabla vitu havijagawanywa. Sekunde alikuwa amelelewa kwa cherehani ile. Akatoka na begi lake, na tangu siku hiyo, miaka mitatu, ndugu wale hawakuongea.

— Miaka mitatu wanaoga kwa jasho langu, akasema. Cherehani wamegawa, maji nawalipia mimi. Niandikie barua ya kusitisha. Sasa hivi.

Nikaingia ndani, nikaipiga chapa. Akaisaini palepale kwenye kaunta, mstari na nukta.

— Ila ukisitisha bila kuwaambia, watakatiwa, nikamwambia. Kuna watoto pale.

Alikaa akiikunja na kuikunjua ile barua.

— Waambie wewe, akasema. Mimi nampigia nani?

Mke wa kaka yake namjua. Anafundisha chekechea mtaa wa nyuma na kopi zake zote anatoa kwangu. Nikampigia, nikamwambia kuna jambo la bili ya maji na shemeji yake yuko hapa. Haikupita robo saa akafika, vidole vimejaa chaki.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Kaunta. Habari zenu, jamani. Shemeji, hujambo?

— Sijambo, akasema Sekunde akitazama chini.

— Vizuri mmetaja maji, maana nina deni la shukrani. Kaka yako alinikataza nisije. Alisema nikikushukuru nitakutia aibu.

— Shukrani ya nini?

— Ile risiti inaingia kwenye simu yake kila mwezi. Jina la aliyelipa ni lako. Anaisoma kwa sauti mezani, watoto wakisikia. Anasema, mdogo wangu amenuna, lakini hajanitupa.

Soli akaanza kukagua kisigino cha kiatu chake mwenyewe. Sekunde aliifunika barua kwa kiganja.

Yule mwalimu akamtazama vizuri, kama anavyomtazama mtoto asiyetaka kuingia darasani.

— Kitu kimoja tu kinanishinda, shemeji. Kama mwezi kwa mwezi ulikuwa unatukumbuka, mbona hujawahi kuja?

 Mzee Kaunta akatazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kikavu.

— Sikuwa nawakumbuka, Sekunde akasema. Nisikudanganye. Ni benki iliyokuwa ikikumbuka. Mimi nimejua leo asubuhi.

Nilidhani shemeji yake ataondoka kwa hasira. Alikaa kwenye benchi katikati ya Soli na Kaunta, akacheka mpaka akafuta machozi kwa vidole vile vya chaki.

— Miaka mitatu, akasema. Miaka mitatu ananisomea risiti.

— Usimwambie, Sekunde akasema.

— Mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe.

Sekunde akauliza:

— Leo yuko?

— Yuko zamu ya jioni. Mpaka saa nane yuko nyumbani.

Sekunde akafunga kibanda kabla ya saa sita, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Barua aliiacha kwenye benchi. Soli akaiwekea kikombe juu isipeperuke.

Kesho yake tulimngoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Alikuja amechelewa, kama kawaida.

— Ehe, Mzee Kaunta akamwambia. Ulipobisha hodi ikawaje?

— Alifungua mwenyewe. Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima, ya cherehani, ya benki, yote.

— Ukaanza na lipi?

— Sikuanza. Akaniuliza, umekula?

— Ukasemaje?

— Nikamwambia bado.