Milioni Moja na Tatu ya Babu Jairo

Ndugu waombolezaji, wakubwa shikamooni, anayewasomea ni Chenge, mwana wa Agutu, mjukuu wa marehemu, aliacha shule darasa la tano lakini kwa sauti hakuna wa kumpiku katika ukoo huu, wenye vyeti wavumilie.

Mzee Jairo Okomo alizaliwa mwaka 1900 huko Shirati, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1922 akafunga ndoa na Roza, ambaye Chenge humwita mke wangu, na tangu juzi mpinzani hana, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia. Mwaka 1924 walihamia Mwanza, akawa karani wa mizani katika kiwanda cha pamba hadi alipostaafu mwaka 1951.

Hapo ndipo ulipoanza ubishi wake na Mzee Mbaruku, fundi cherehani, huyo aliyekaa pale anajifanya hasikii. Babu alidai kwamba milioni moja na tatu ni namba tasa, haigawanyiki bila kubakiza ila kwa moja na kwa yenyewe, Mbaruku akamcheka kwamba namba nene namna hiyo haikosi wa kuigawa, wakawekeana mbuzi. Babu akaanza kuigawa kwa chaki mlangoni, kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu, kuendelea juu hakukuwa na haja, maana namba mbili zote zikizidi elfu, ukizizidisha zinaipita. Saba ikabakiza nne, kumi na moja nne, kumi na tatu nne, na kila Ijumaa Mbaruku akitoka msikitini alipita kuuliza kama mbuzi wake amenenepa. Miaka ikaenda, mlango ukafutwa na kuandikwa, mpaka ikasalia moja tu ya kujaribu, mia tisa tisini na saba.

Tarehe 3 Septemba 1961 kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na ulimi. Tangu siku hiyo alikuwa akiinua vidole vya kushoto, vitano na vinne, tena vitano na vinne, kisha vitano na viwili, bibi akaleta maji, binti yake Agutu akaleta uji, wajomba, wajuaji wetu hao, wakatangaza kwamba mzee anaulizia tarehe tisa Desemba, anataka kuuona Uhuru. Siku ilipofika wakambeba hadi barabarani kwenye ngoma, akalia machozi, wakasema ni furaha. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Januari 1962.

Jana mchana Mbaruku alikuja kuhani, bibi akamsimulia habari ya vidole, Mbaruku akasema, shemeji, huyo alikuwa anadai mbuzi wake, hebu leteni chaki. Ikagawanywa palepale mlangoni kwa ile tisa, tisa, saba ya vidole, jirani yetu Mwalimu Venant akahakiki, ikaingia mara elfu moja na tatu. Mbuzi atakayeliwa leo baada ya maziko katoka kwa Mbaruku, na mwenyewe amesema hataonja.

Familia inawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani waliomgeuza kitandani, na wenzake wa mizani waliochonga jeneza.

Babu, ilibaki kumi na mbili. Namba yako haina wa kuigawa. Shusha mkono sasa, pumzika kwa amani.