Ngojeni na Mto Tulizo

Mimi ninayeandika nina miaka sabini na mmoja. Nimeyazika magari manne ya ofisi hii, wakurugenzi watatu, na daraja la chuma walilosema litadumu kuliko sisi. Vijana wa habari walitaka kuandika wasifu huu wenyewe. Nikawauliza, mlikuwa wapi? Dereva nilikuwa mimi. Kalamu yangu ni nzito, lakini njia ninaijua.

Mpigapicha wetu anastaafu mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha safari. Kazi yake kubwa ni kalenda ya mito: kila mwezi mto mmoja, picha juu, chini maneno machache ya kueleza jina lilitoka wapi. Tulimwita Ngojeni kwa sababu ndilo neno lake. Mwanga mzuri, gari linanguruma, wote tuna njaa, yeye anasema ngojeni. Hakufungua kamera mpaka apatikane mtu anayekunywa maji ya mto ule, amwambie jina na asili yake. Humpiga picha mtu huyo kwanza, kisha mto. Filamu zake zote zilikwenda hivyo: sura, mto, sura, mto.

Majibu yalikuwa ya kila namna. Penye mto Kesho, bwana mmoja alieleza kwamba mafuriko humlazimisha msafiri avuke kesho. Mkewe akamwambia aache uongo, mto umeitwa hivyo kwa sababu ndilo jibu lake kila akitumwa maji. Ngojeni alichapisha asili zote mbili, na kalenda ile iliisha madukani kabla ya mwaka kuanza.

Safari moja tulipita Mlandama, mto mkali unaozoa ndama malishoni, kisha Tulizo, mpole, ambako watembea mbali hutuliza miguu. Mvushaji wa Tulizo alitaja jina huku akisukuma mtumbwi uliojaa abiria. Hakuwa na nafasi ya kupigwa picha. Filamu ilipooshwa, sura moja ikafuatwa na mito miwili. Ngojeni akadhani yote ni Mlandama, akachagua uliopendeza zaidi. Huo ulikuwa Tulizo.

Wachuuzi wa ng'ombe waliutambua mwamba wa Tulizo kwenye kalenda, wakasoma habari za ndama kuliwa, wakahamia kivuko cha juu. Mvushaji akabaki na mtumbwi mtupu na watoto wa kulisha. Habari ilipotufikia, mkurugenzi alisema tunyamaze, mwaka utaisha na kalenda itatoka ukutani yenyewe. Atakayelitangaza kosa asirudi kazini.

Ngojeni aliniomba gari siku hiyohiyo. Nilimwendesha mimi, na kwenye tope lile hakuna dereva mwingine ambaye angetoka.

"Kaka, kosa ni langu," alimwambia mvushaji. "Mto wako nimeupa sifa mbaya ya mwingine."

Mvushaji aliendelea kukomba maji ndani ya mtumbwi, kisha akasema, "Pole yako hainiletei ng'ombe, dada. Lete hiyo kamera. Wewe ingia majini."

Akaleta ndama wa jirani, akamsimamisha karibu na Ngojeni. Safari hiyo mvushaji ndiye aliyesema ngoja. Alipiga moja tu. Imeinama, kichwa cha Ngojeni kimekatwa nusu, lakini ndama yuko katikati, anakunywa bila wasiwasi.

Mkurugenzi alimsimamisha kazi. Ila kalenda mpya ilikuwa inasubiriwa na picha zote alikuwa nazo yeye. Akazitoa kwa sharti moja: ile iliyoinama iwe ya Januari, na chini yake kosa liandikwe wazi. Ikachapwa, naye akarudishwa. Mvua zilipokatika, wachuuzi walikuwa wamerudi Tulizo.

Hajawahi kukubali kupigwa nyingine, ndiyo maana mnaiona hiyo kwenye jalada la programu hii ya kumuaga. Msimlaumu mchapaji.

Dada yetu, asante kwa mito yote na kwa uvumilivu wako, maana mimi si mtu rahisi. Uende na afya, upate mapumziko marefu yasiyo na tope, na wanao wakutunze vizuri.

Anayebisha habari hizi aende Tulizo amuulize mvushaji. Ila awahi asubuhi, maana atasimama nyuma ya ng'ombe wengi.